iCite na VOSviewer: nimezitumia wiki tatu kumpimia bosi wangu wa maabara ya seli

Hizi ni programu mbili za kupimia pepa za watafiti, iCite ya kuhesabu zinavyonukuliwa na VOSviewer ya kuchora nani kaandika na nani. Zote mbili ni za bure na kwa ujumla nazipa nyota nne kati ya tano. Mimi siyo mtafiti, kazi yangu ni makaratasi ya maabara, sasa bosi anaomba kupandishwa cheo na kamati inataka ijue pepa zake zimenukuliwa kiasi gani na ameshirikiana na nani. Nikajua hiyo ni kazi ya nusu saa. Wapi!

Nilianza na huduma moja ya kulipia, jina naliacha, ikanichanganyia bosi na mtu mwingine wa jina hilohilo anayetafiti udongo, yaani ukisoma profaili unaona mtu mmoja anashughulika na mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, na mbolea kwa wakati mmoja, nimewaandikia mara mbili kimya mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote hakikisha mtu wako ana ORCID, ile namba ya tarakimu 16, na pepa zake zimeunganishwa nayo, jina peke yake halitoshi kabisa.

Haya, iCite. Ni ya NIH, zile taasisi za afya za Marekani, unabandika namba za pepa unazotaka kutoka PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya pepa za tiba na baiolojia, unabonyeza, jedwali linakuja. Kilichonikosha ni kipimo chao cha RCR, yaani Relative Citation Ratio. Wengi tumezoea alama ya h, ile aliyoileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kwamba ukiwa na h ya 20 basi una pepa 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Inaeleweka haraka ila inambeba mkongwe maana haishuki hata mtu akiacha kuandika, na haijui kama uko kwenye mada yenye msongamano wa watu au mada ambayo mnajuana wote. RCR yenyewe inatazama pepa zinazonukuliwa pamoja na ya kwako, inazichukua hizo kama ndo majirani zako, halafu inapima unanukuliwaje kwa mwaka ukilinganisha na hao majirani, na 1.0 ndo pepa ya katikati kwa zile zilizofadhiliwa na NIH. Bosi ana pepa moja alikuwa hata haitaji mbele za watu kwa sababu saitesheni zake, yaani mara ilizonukuliwa, ni chache, kumbe RCR imevuka 1, ni mada ndogo tu ile.

Tahadhari moja, usikimbilie wastani. Kwenye baiolojia ya seli pepa za mbinu zinanukuliwa kupita kiasi, pepa ya Lowry ya mwaka 1951 ya jinsi ya kupima protini imepita saitesheni 300,000 na haina ugunduzi wowote wa kutikisa dunia, ni namna ya kupima tu, watu wanaitumia wanainukuu. Bosi naye anayo ya kwake ya kutia seli rangi inayobeba karibu nusu ya hesabu yake yote. Ukichukua wastani hiyo moja inavuta zote juu, kwa hiyo nikaweka median, ile namba inayokaa katikati ukizipanga zote kwa mfuatano, iCite inakupa zote mbili.

Bosi alipoona namba akanuna. "Mbona Google Scholar nina nyingi kuliko hizi?" Nikamwambia Dokta hazijaibiwa, Google Scholar inahesabu mpaka tasnifu na pepa ambazo hazijapitiwa na wataalamu wengine, iCite inahesabu zilizoko PubMed tu. Akakubali kwa shingo upande.

VOSviewer ndo imenitoa jasho. Inatoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, inataka Java, programu nyingine ya kuiendesha, kwenye kompyuta, unaipa faili la pepa inakuchorea ramani, kila mwandishi kiduara na mistari kati ya walioandika pamoja. Sasa kuna kisanduku kinasema iache pepa zenye waandishi zaidi ya 25, mimi kwa ujuaji wangu nikaona huyu ananipunguzia washirika, nikakitoa. Lahaula! Bosi yumo kwenye ule mwongozo wa otofajia wa 2016, otofajia ni ile seli inavyojila vipande vyake yenyewe, na mwongozo ule una waandishi zaidi ya 2,000. Ramani ikawa kama nyuki wamevamia skrini, kila mtu kashirikiana na kila mtu. Nikarudisha 25, nikachagua na ile hesabu ya mafungu ambapo pepa ya watu wengi inagawanywa uzito, ndo yakatokea makundi matatu ya kweli: la maikroskopu, la chachu, na la wanafunzi wake wa zamani.

Nyota iliyopungua ni ya majina. Bosi alijitokeza kama watu wanne, mara herufi moja ya katikati, mara mbili, mara kistari, na ili uwaunganishe unaandika faili la maneno wewe mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa washirika wote. Siku nne hizo. Na baada ya hapo mstari bado haukwambii nani alituma tu plasmidi, vile vipande vya DNA, kwa posta na nani alikesha kwenye maikroskopu, mistari yao inatoka minene sawasawa.

Fomu ya kamati ilikuwa bado inauliza impakti fakta ya majarida, yaani wastani wa pepa za jarida zinavyonukuliwa. Hapo nikacheka, maana tamko la DORA linalokataa kumpima mtu kwa jarida lilianzia kwenye mkutano wa wanabaiolojia ya seli wenyewe, San Francisco, Desemba 2012. Nimeandika "tazama kiambatisho" na nimebandika median ya RCR pamoja na ramani. Bosi kasaini bila kusoma, macho yote yalikuwa kwenye viduara anatafuta cha kwake.