Mafuta ya parachichi ya Rungwe kwenye baridi ya Mbeya: uzoefu wangu

Kwa wanaotaka jibu la haraka: kwa mikono, viwiko na miundi ni mazuri, na naendelea kuyanunua. Kwa visigino hayatoshi. Kwa uso inategemea uso wenyewe. Yale mengine yaliyoandikwa kwenye karatasi ya chupa, kukuza nywele, kuimarisha kucha, kufuta makovu, kukata kikwapa, tutayafikia.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa mjini, vidole vyangu vinashinda kwenye chaki, na vumbi la chaki hunyonya mafuta ya ngozi bila huruma. Ongeza hali ya hewa yetu. Mbeya iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua zikishakatika mwezi wa tano, tunakaa na ukame miezi kadhaa, na katikati yake Juni na Julai zinaingia na baridi, upepo mkavu na vumbi. Mtu wa Dar anajipaka losheni yoyote anatoka zake. Huku ukioga asubuhi ukatoka hujapaka kitu, kabla hujafika Kabwe, hapahapa mjini, miguu imeshapauka kiasi cha kuandikika kwa ukucha.

Mafuta ninayotumia yanakamuliwa na mama mmoja wa Tukuyu, wilayani Rungwe, nayapata kwenye kibanda jirani na soko la Mwanjelwa. Rangi yake ni kijani kilichokolea, yana harufu ya majani, na ni mazito kuliko ya alizeti. Chupa ya mililita 100 nilinunua shilingi 8,000. Si bei ya kuchezea ukilinganisha na kopo la mafuta ya mgando. Asubuhi ya baridi yanaweza kufanya ukungu ndani ya chupa. Hayajaharibika, yameanza tu kuganda; tumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu yatarudi.

Ili uelewe kwa nini yanafanya kazi sehemu moja na kushindwa nyingine, lazima ujue unapaka wapi. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile unaloligusa, limekufa. Ni seli bapa zilizojaa keratini, ile protini ngumu, na katikati yake kuna mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoroke hovyo. Chini yake seli mpya zinazaliwa na kupanda polepole hadi zinabanduka, kazi ya kama mwezi mzima. Kila unywele una tezi yake ya mafuta pembeni, inayomwaga sebamu, yaani mafuta ya asili ya ngozi, kupitia tundu lilelile la unywele. Hewa ikikauka, tabaka la juu linapoteza maji, seli zinasinyaa na kingo zake zinanyanyuka. Mwanga ukizipiga, tunaona ule weupe. Nasi tunazidisha wenyewe: maji ya moto yanayofuka, dodoki, na kipande cha sabuni ya mche. Uso wa ngozi una asidi kidogo, sabuni ile ni alikali, kinyume cha asidi, inaondoka na uchafu pamoja na mafuta yako ya asili.

Kwa hiyo namna ya kupaka ina uzito kuliko wingi wa mafuta. Mafuta haya hayana maji ndani yake. Yanalainisha zile kingo na kupunguza maji yanayopotea, basi. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa utang'aa, lakini mchana unaanza kujikuna. Mimi najifuta nusu nusu nikiwa bado bafuni, nachukua matone machache, nasambaza. Mikono inabaki laini mpaka vipindi vya mchana, na hayanati wala kushika vumbi kama mgando. Hilo ndilo lililonifanya niyapende, kwa sababu mgando na vumbi la barabara zetu ukichanganya, jioni unaoga tope.

Nyumbani wanaofaidi zaidi ni watoto na mama yangu. Tezi za mafuta za mtoto hufanya kazi kidogo sana mpaka balehe inapokaribia, ndiyo maana watoto wa shule za msingi wanapita na kaptula zao miguu ikiwa kama imepakwa unga. Kwa wanawake, baada ya kukoma hedhi sebamu inapungua tena. Mama alikuwa anawashwa usiku, hasa miundi na mgongo, na kila akiwashwa anasogea karibu na jiko la mkaa. Joto la jiko linakausha zaidi. Nilimwambia, "Mama, ni ukavu huo, jiko halikusaidii," akanitazama kama nimemkataza chai. Tumekubaliana apakwe mgongo kabla ya kulala, aote moto kwa mbali. Kuwashwa kumepungua sana. Ila kama una vipele, au mnawashwa nyumba nzima usiku, hiyo inaweza kuwa upele wa kuambukizana. Nenda kituo cha afya, mafuta hayaui wadudu.

Sasa magaga, zile nyufa za visigino. Hapa parachichi imefeli waziwazi. Nyayo na viganja havina tezi za mafuta kabisa. Vina tezi za jasho tu, tena nyingi. Halafu tabaka la juu la ngozi ya kisigino ni nene kuliko karibu sehemu zote za mwili, na ngozi hiyo inabeba uzito wako kila hatua. Ikikauka haikunjiki, inapasuka. Mafuta mepesi kuliko mgando juu ya ukuta ule yanateleza tu. Ninachofanya ni kuloweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kusugua kwa jiwe taratibu, kisha kupaka mafuta ya mgando mazito ikiwa bado na unyevu, na kuvaa soksi za pamba hadi asubuhi. Mgando ni bidhaa ya petroli, Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872, na kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi mpaka leo mafuta ya mimea hayaufikii. Mwenye bajeti ndogo anunue huo tu mwili mzima, hatakuwa amekosea. Mwenye kisukari asijisugue nyufa mwenyewe. Akaonwe na mhudumu wa afya.

Usoni nayapaka mashavuni peke yake. Paji la uso na pua vina tezi nyingi za mafuta, na nilipopaka uso mzima vikatoka vipele kwenye paji. Dada yangu mwenye ngozi kavu anapaka uso mzima na hana hata kipele.

Kucha na nywele ndipo penye maneno mengi ya biashara. Bamba la kucha unaloliona ni keratini iliyokufa. Linatengenezwa nyuma, chini ya ngozi ya shina la kucha, na kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, za miguu polepole zaidi. Hakuna tone la mafuta juu ya kucha litakaloharakisha kiwanda kilicho chini. Lakini ile ngozi ya pembeni inayochanika na kuuma, hiyo inatulia vizuri, na kucha yenyewe haikatiki ovyo. Nywele vilevile: uhai uko kwenye mzizi ndani ya ngozi, kinachoonekana nje kimekufa, na ukuaji wa kawaida ni kama sentimita 1 kwa mwezi. Nywele zetu za kipilipili zimejisokota, sebamu haiteremki mpaka ncha, hivyo ncha zinakauka na kukatika. Nikipaka kwenye ncha kabla ya kusukwa, hazikatiki sana. Mtu akiona urefu umebaki anasema zimekua. Mwenye mba asijimiminie kichwani: fangasi wanaohusika na mba wanakula mafuta ya ngozi ya kichwa, na mafuta mengi yanaweza kuongeza tatizo.

Kikwapa nacho, jamani. Harufu inaletwa na bakteria wanaovunjavunja jasho la tezi za makwapa. Parachichi haiwagusi. Maji na sabuni, na sweta lifuliwe, kwa sababu baridi yetu inafanya watu wavae sweta moja wiki nzima.

Makovu sijaona yakibadilika. Bora hivyo kuliko mkorogo wa kung'arisha ngozi, ambao huchanganywa na zebaki, hidrokwinoni au dawa za steroidi, na steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana.

Jambo ambalo karatasi haisemi: mafuta haya hayazuii jua. Nyanda za juu jua ni kali hata ukitetemeka, kwa sababu mionzi ya urujuanimno inaongezeka unavyopanda juu. Melanini, rangi ya asili ya ngozi yetu, inatusaidia, haimalizi kazi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si la mjadala: kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua kama Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC kule Moshi.

Nayapa 7 kati ya 10. Pointi zimekatwa kwa bei, kwa visigino, na kwa chupa. Muuzaji anatumia chupa angavu, na mafuta ya kijani namna hii mwanga unayaharibu upesi. Chupa moja niliyouziwa ilikuwa inanuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala. Fungua unuse kabla hujatoa hela. Zile zilizopangwa mbele juani ziache, omba iliyo kwenye boksi chini ya meza.