Kitundikio cha makoti cha kujitengenezea: vigingi safi, skrubu za kutupa

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote: seti hii ina mbao nzuri kuliko nilivyotarajia, lakini vifaa vyake vya kufungia ukutani simshauri mtu yeyote avitumie. Ukiinunua, tafuta na skrubu zako. Kitundikio changu kiko ukutani, kimebeba makoti ya nyumba nzima na mabegi juu yake, nami nakipenda sana. Ila kinachokishikilia pale hakikutoka kwenye boksi.

Ndani ya boksi kuna ubao wa msonobari wenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 22. Kuna vigingi vitano vya mbao ngumu, gundi ya mbao, msasa wa aina mbili, kichupa cha mafuta ya kitani, skrubu mbili na plagi zake za plastiki. Matundu ya vigingi yameshatobolewa, ila hayatokezi upande wa nyuma. Kazi yako ni kupiga msasa, kuvigandisha vigingi, kupaka mafuta na kufunga.

Vigingi ndivyo vilivyonifurahisha zaidi, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu kitundikio ni vigingi, mengine yote ni ya kuvishikilia. Kigingi cha mbao mara nyingi huvunjika kwa sababu nyuzi za mti zimekatwa mshazari badala ya kufuata urefu wake. Kishike kwenye mwanga, kigeuzegeuze, uangalie mistari inaelekea wapi. Ikitoka kichwani na kunyooka mpaka mwisho wa shina, kigingi hicho kitabeba. Ikikatiza na kutokea ubavuni, ipo siku mtu atalivuta koti kwa haraka na kigingi kitakatika papo hapo kwenye mstari. Nilivikagua vyote vitano, kimoja baada ya kingine, na nyuzi zake zote zimenyooka. Aliyechagua mbao hizi anaijua kazi yake.

Halafu angalia shina la kigingi: lina vifereji vyembamba kwa urefu wake, na ni rahisi kudhani ni urembo. Tundu lisilotokeza nyuma ukilitia gundi kisha ukasukuma kigingi kinachobana, hewa na gundi hukosa pa kutokea. Kigingi hukwama kabla ya kufika mwisho, na ukikigonga kwa nguvu ubao unaweza kupasuka. Vile vifereji ndivyo njia ya gundi. Nilipaka gundi kwenye kingo za ndani za tundu, nikakiingiza kigingi huku nikikizungusha taratibu, mpaka nikaona gundi ikichomoza na kuizunguka shingo yake kama uzi. Ifute hapo hapo kwa kitambaa chenye unyevu. Gundi ikikauka juu ya mbao, mafuta hayapenyi, na utabaki na doa hafifu lisilofanana na sehemu nyingine. Baada ya hapo kiache kitundikio siku nzima bila kukiwekea uzito, hata kama gundi inaonekana imeshika.

Matundu yametobolewa kwa mwinamo wa kama digrii 10, hivyo ncha za vigingi zinatazama juu. Ni mwinamo mzuri: koti la kitambaa chepesi haliteleziki kuanguka, na huhitaji kunyoosha mkono sana ili kulitoa. Nafasi kati ya kigingi na kigingi ni sentimita 15, inatosha kwa makoti mepesi na mikoba. Kwa makoti mazito ya baridi ni finyu, yanasukumana. Ningeonelea waweke vigingi vinne kwa nafasi ya sentimita 20 kwenye ubao huo huo.

Mtindo wenyewe si mpya. Washaker, jumuiya ya kidini ya Marekani, walizungushia kuta za vyumba vyao mbao za vigingi namna hii, wakatundika kofia, nguo na hata viti ili sakafu ifagiliwe vizuri. Kigingi kilichonyooka nyuzi hakiogopi koti.

Kuhusu msasa sina mengi. Fuata nyuzi, anza na namba 120 na umalizie na 180. Katikati ya hizo mbili pangusa ubao kwa kitambaa chenye unyevu na uuache ukauke: vinyweleo vya mbao vitasimama, na msasa wa mwisho utaviondoa. Mbao itabaki laini hata ikipata unyevu wa koti lililolowa mvua.

Sasa malalamiko. La kwanza ni mafuta ya kitani, na hili ni suala la usalama. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto. Kitambaa ulichopakia ukikikunjakunja na kukitupa kwenye pipa, joto hilo linaweza kujikusanya ndani ya mikunjo mpaka kitambaa kiwake moto chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Karatasi ya maelekezo haisemi neno hata moja juu ya hilo. Tandaza kitambaa nje kikiwa kimekunjuliwa, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka kikauke na kuwa kigumu, au kiloweke kwenye maji. Pia usitundike nguo haraka. Subiri mpaka ukipitisha kiganja juu ya ubao kisipate unato wowote, la sivyo mafuta yatahamia kwenye kola za makoti.

La pili ni skrubu. Zina urefu wa milimita 40. Toa 22 za ubao, zimebaki 18. Lipu ya ukuta wangu ina unene wa kama milimita 15. Maana yake milimita 3 tu ndizo zingefika kwenye tofali! Lipu haibebi makoti. Nikaziweka pembeni, nikatumia skrubu za milimita 80 na plagi za milimita 8 zilizozama ndani ya tofali lenyewe. Funga utepe kwenye biti ya drili kuonyesha kina unachotaka, na ukishatoboa toa vumbi lote kwenye tundu, maana plagi iliyokaa juu ya vumbi haishiki.

Tena wametoboa matundu mawili tu ya skrubu, moja kila upande, katikati ya upana wa ubao. Koti likining'inia, ubao huegemea ukingo wake wa chini na ule wa juu hutaka kujing'oa ukutani. Skrubu ikikaa juu zaidi inapambana vizuri na mvuto huo. Kwa hiyo nikatoboa tundu la tatu katikati ya urefu, karibu na ukingo wa juu, nikalipanua mdomo ili kichwa cha skrubu kizame. Tangu hapo ubao haujatikisika.

Mwenye ukuta wa jipsamu ajihadhari zaidi. Matundu mawili ya skrubu ya seti hii yameachana sentimita 70, wakati nguzo za ndani ya kuta hizo kwa kawaida huachana sentimita 40 au 60. Yaani haiwezekani matundu yote mawili yaangukie kwenye nguzo. Tafuta nguzo zako kwanza, kisha utoboe ubao upya kuzifuata.

Nimekifunga kwa kimo cha sentimita 165 kutoka sakafuni, kinawafaa watu wazima. Nataka kingine cha watoto, na nitanunua seti hii hii kwa ajili ya vile vigingi. Kwa watoto kimo ni cha kufikiria vizuri, kigingi kisije kikawa usawa wa macho ya mtoto anayekimbia kuingia ndani. Nitakiweka juu kidogo ya vichwa vyao, mahali ambapo mkono ulionyooshwa unafika, na nitakipandisha kadiri wanavyokua. Kwa skrubu tatu ndefu, kukihamisha si kazi kubwa.