Konveta ya Inchi 8 au ya Inchi 10 kwa Gari la Mbio za Robo Maili
Gari linaloshindana kwenye robo maili za Marekani, yaani takriban mita 402, likiwa na giaboksi ya Powerglide yenye gia mbili tu, hupata au hupoteza muda mwingi kutokana na konveta ya toki, yaani kifaa chenye oili kinachopitisha toki (nguvu ya kuzungusha) ya injini, iliyofungwa kati ya injini na giaboksi hiyo. Konveta yenye kipenyo cha inchi 10 kwa kawaida hushika, yaani huanza kupitisha nguvu kikamilifu, mapema, tuseme kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika, na huifaa injini kubwa yenye toki nyingi chini, hasa ikiwa gari hutumika pia barabarani.

Ya inchi 8 huiachia injini ipande hadi 5,000 au zaidi kabla ya kushika. Tazama kinachotokea gia inapobadilishwa: gia ya kwanza ikiwa na uwiano wa 1.76, injini iliyofika 7,000 ingeangushwa hadi karibu 4,000, mahali ambapo injini ndogo yenye kemshafti kali (shafti inayofungua vali, iliyoundwa kwa mizunguko ya juu) haina nguvu. Konveta hii huizuia isishuke kiasi hicho. Gharama yake ni joto, na oili isiyo na kipozeo kizuri huungua upesi.

Kwa injini ndogo ya namna hiyo ningechagua ya inchi 8 bila kusita. Ila namba ya mizunguko ya kushika iliyoandikwa kwenye boksi la konveta isiaminiwe peke yake, kwa kuwa konveta ileile hushika juu zaidi ikifungwa kwenye injini yenye toki kubwa zaidi. Mpe mtengenezaji uzito wa gari, uwiano wa difu na kipenyo cha matairi kabla ya kulipa.