Safari ya siku moja ranchini, Maungu: nyota tatu, na mbili ni za mchungaji

Nauza nyama Kongowea, Mombasa, huu mwaka wa kumi na saba, kwa hiyo someni haya mkijua hilo. Wenzangu garini walikwenda kuona ndovu. Mimi nilikwenda kuona ng'ombe.

Safari niliinunua kwa kampuni moja ya hapa mjini, jina nawasitiri, huenda wakajirekebisha. Shilingi 7,500 kwa kichwa. Tukaambiwa saa kumi na moja alfajiri tuwe Buxton. Gari lilikuja saa kumi na mbili na robo, na kiti changu mgongo wake umekatika. Mariakani tumepita hivi hivi, hata kikombe cha chai hakuna. Ahueni ni Mackinnon Road, dereva aliposimama pale msikiti wa Pir Padri tukanyoosha miguu.

Ranchi yenyewe iko ndani ya Maungu, upande wa mlima Kasigau. Huku Tsavo Mashariki, kule Tsavo Magharibi, na katikati ni ardhi za ranchi, nyingi ni za makampuni ya wenye hisa. Ndovu hana habari na hisa za mtu, yeye anapita tu. Sheria nayo inasema mnyama pori ni mali ya taifa hata akilala uani kwako, na uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo mwenye ranchi hamli wala hamuuzi. Angeweza kuzungusha uzio amzibie njia, akafuga ng'ombe wake kwa raha. Hawa wameamua kumwachia apite, na hakuna aliyewashikia fimbo.

Kwa nini? Kijana aliyetutembeza alikuwa na jibu lake tayari: hewa ukaa, mradi wa Kasigau, ranchi zinalipwa kwa msitu usiokatwa, maana miti ndiyo huishika hewa hiyo. Ni kweli, lakini alilisema kama kasuku. Jibu la kunitosha nililipata kwa mchungaji.

Boma lao la usiku ni la vyuma, linang'olewa na kuhamishwa kila baada ya siku kadhaa. Mzee yule alinipeleka mahali ng'ombe walipolala msimu uliopita. Nje ya duara, ardhi nyekundu imepigwa na jua, hata kijiti hakuna. Ndani ya duara, penye mbolea ya ng'ombe, nyasi zinanifika gotini, na katikati yake samadi mbichi ya punda milia na pofu. "Ng'ombe wetu anapika, hao wanakuja kula," akaniambia. Nikachuchumaa nikazishika zile nyasi. Laini, si zile ngumu za porini. Ng'ombe wake, aina ya Borana, walikuwa na nundu zimejaa, mapaja mazito. Wallahi ningewanunua wanne pale pale.

Halafu akanionyesha birika. Bomba limefukiwa chini kabisa na kukandamizwa kwa mawe, maana ndovu akinusa maji hulichimbua. Mchana wananywa ng'ombe, usiku ndovu. Juu ya alama za kwato kulikuwa na nyayo pana kama sinia ya pilau. "Ukimnyima maji, mzee mwenzangu, anavunja tangi. Bora umgawie." Nikamuuliza kuhusu ukame wa 2022, ule uliosikika kwenye taarifa ya wizara kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Hakunijibu kwa hesabu. Alinyoosha kidole kwenye kichaka, akasema pale palinuka mwezi mzima. Na fidia, simba akila ng'ombe? Akacheka mpaka akashika kiuno.

Haya yote kwa dakika kumi na tano, kwa sababu kijana alishaanza kupiga honi. Ndovu tuliwapata, kumi na wawili, wekundu kwa vumbi, na twiga kwa mbali. Wazuri, sikatai. Lakini kukaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili, injini inanguruma, watu wanajipiga picha! Kampuni kama mnasoma: geuzeni ratiba, bomani ndiko kwenye mazungumzo.

Chakula cha mchana: kuku baridi, chipsi zimelala, chupa moja ya maji kwa watu wawili. Kwenye ranchi ya ng'ombe, jamani, hata mshikaki mmoja hakuna! Bebeni viazi karai vyenu. Kurudi, foleni ya Miritini ilitushika mpaka saa tatu usiku.

Asubuhi yake nikampigia anayeniletea ng'ombe, nikamuuliza hawa wako wanatoka ranchi gani, na ndovu wanapita huko au wamezibiwa njia. Kimya kidogo. Kisha: "Mzee, kwani tangu lini nyama ikaulizwa kitambulisho?" Nimempa mpaka Ijumaa.