Miezi minane na n8n kwenye famasi yetu: arifa za barua pepe zilivyonifundisha kuogopa ukimya

Siku tano mfululizo sikupata barua pepe kutoka kwenye mfumo wetu wa kutuarifu dawa zinazokaribia kuisha muda, nikaamini hakuna dawa mpya iliyo karibu kuisha muda. Siku ya sita mfamasia wetu, akiwa anapanga rafu, akakuta katoni mbili za amoksisilini ya watoto zilizopokelewa Jumatatu zikiwa zimebakiza miezi miwili tu. Tungezigundua kesho yake asubuhi tungezirudisha, maana msambazaji wetu hupokea mzigo wa aina hiyo ndani ya siku tatu. Siku tatu zilikwishapita. Sehemu kubwa ya katoni zile haikuuzika, na dawa iliyoisha muda haitupwi jalalani: unaitenga, unaiorodhesha, unafuata utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, mpaka iteketezwe. Hasara ile inaniuma hadi leo, kwa sababu kinga yake niliiunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mfumo wenyewe ni n8n, programu ya kuendesha kazi zinazojirudia, iliyoanzia Berlin, Ujerumani, mwaka 2019. Unaweza kulipia huduma yao ya mtandaoni, au ukaiweka kwenye seva yako bila kulipia leseni, mradi ni kwa matumizi ya ndani ya biashara yako. Nilichagua njia ya pili, kwa Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine zikiwa zimefungashwa tayari), kwenye seva ndogo ya kukodi. Kazi niliyoipa ni fupi: kila siku saa mbili asubuhi isome jedwali letu la Google Sheets, ichague dawa zilizobakiza chini ya siku 90, kisha itutumie barua pepe mfamasia, mwenye duka na mimi.

Kuunganisha barua pepe kulinichukua nusu saa. Kazi ya n8n huundwa kwa nodi, yaani hatua zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Nodi ya Send Email inataka anwani ya seva ya SMTP, yaani seva inayotuma barua pepe, kisha poti, jina la akaunti na nenosiri. Kwa Gmail unaandika smtp.gmail.com, poti 465 ukiwa umewasha SSL, au 587 ukitumia STARTTLS, zote mbili zikiwa njia za kusimba mawasiliano. Poti 25 achana nayo, wakodishaji wengi wa seva wameifunga ili kuzuia barua taka. Nenosiri lako la kila siku halikubaliwi hapo. Washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu, lile la herufi 16.

Barua ya kwanza ilifika saa kumi jioni, mfamasia akiwa anakabidhi zamu. Nilikuwa nimeweka 8, ambayo ndiyo saa mbili yetu kwenye kompyuta, lakini sikuweka ukanda wa saa. Usipoutaja, n8n uliyoisimika mwenyewe huhesabu kwa saa za New York, na mwezi Januari New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Weka GENERIC_TIMEZONE=Africa/Dar_es_Salaam kwenye mipangilio ya Docker kabla hujaanza lolote.

Na haikufika barua moja. Zilifika 43. Hili ni jambo ambalo kila mgeni wa n8n anapaswa kulielewa mapema: data hupita ikiwa vipande vipande, na nodi hufanya kazi yake mara moja kwa kila kipande. Safu 43 za jedwali ni barua 43. Niliingiza nodi ya Aggregate kabla ya Send Email, ikakusanya safu zote kuwa fungu moja, na tangu hapo tunapata barua moja yenye orodha nzima. Chini ya barua huwa kuna mstari unaosema imetumwa na n8n. Unazimika kwenye chaguo za nodi.

Sasa nirudi kwenye zile siku tano. Mwenye duka alikuwa amebadilisha nenosiri la akaunti yake ya Google, ambayo ndiyo iliyokuwa ikituma arifa zetu, jambo jema kabisa kwa usalama. Lakini ukibadilisha nenosiri kuu, manenosiri yote ya programu yanafutwa. Kila asubuhi kazi ilianza, ikasoma jedwali, ikakataliwa mlangoni kwenye SMTP. Ndani ya n8n alama nyekundu zilikuwepo, tano, zimepangana. Sikuwa nimefungua kuangalia, kwa sababu nilizoea kwamba siku isiyo na dawa za kuorodhesha haina barua. Nodi ikitoka mikono mitupu, zinazofuata haziendeshwi. Kwa hiyo ukimya wa heri na ukimya wa shari kwetu ulikuwa na sura moja.

Nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, kwenye nodi ya kuchuja niliwasha Always Output Data, inayoifanya nodi itoe kitu hata isipopata chochote, na baada yake nikaweka nodi ya IF, inayochagua njia kulingana na sharti, ili hata siku isiyo na dawa ije barua ya mstari mmoja: leo hakuna. Isipokuja kufikia saa mbili na robo, mfamasia ananipigia. Pili, nilitengeneza kazi ya pembeni inayoanza na Error Trigger, nodi inayoamshwa na kazi nyingine ikishindwa, na taarifa ya hitilafu naipokea Telegram. Ningeipeleka kwa barua pepe, SMTP ikikwama ingekwama nayo. Ukiijaribu, kumbuka haiamki unapoendesha kazi kwa kubonyeza mwenyewe. Huamka kazi kuu inapojiendesha kwa ratiba na kushindwa. Nilipoteza jioni nzima nikidhani nimeikosea.

Kwa kazi hii naipenda n8n na sijutii kuichagua. Unaona data ilivyopita katika kila hatua, na kosa linaonyeshwa lilipotokea. Ila kama dukani kwenu hakuna mtu anayeweza kuingia kwenye seva na kufanya masasisho, lipieni ile ya mtandaoni.

Arifa zetu sasa zinatoka kwenye akaunti ya Gmail iliyofunguliwa kwa kazi hiyo tu. Hakuna anayeifungua kwenye simu yake, na nenosiri lake halibadilishwi bila mimi kuwa mbele ya kompyuta.