Kinu cha kusaga mbegu za magugu kwenye kombaini: uzoefu wangu

Naendesha kombaini, yaani mashine ya kuvuna na kupura nafaka, katika mashamba ya soya hapa Iowa, Marekani, na gugu linalotutesa ni mchicha pori uitwao waterhemp. Dawa ya magugu iitwayo glifosati haiuwezi tena, na dawa nyingine kadhaa zimeshashindwa. Unaendelea kuota hadi Agosti, wakati dawa iliyopigwa baada ya kupanda imeisha nguvu zamani. Mmea mmoja wa kike waweza kuzaa mbegu zaidi ya 250,000, na siku ya kuvuna nyingi bado zimo kwenye masuke. Kombaini ya kawaida huzimeza, huzipepeta, kisha huzitapanya nyuma pamoja na makapi. Hapo mbegu za ile mimea iliyonusurika dawa zinasambaa shamba zima.

Ndiyo maana nakipenda kinu hiki. Hufungwa nyuma ya kombaini, makapi yakapita ndani yake, na vyuma vinavyozunguka kwa kasi kubwa huzipigapiga mbegu hadi zisiweze kuota. Aliyeanzisha wazo hili ni Ray Harrington, mkulima wa Australia Magharibi, ambako usugu wa magugu dhidi ya dawa uliwabana wakulima mapema. Katika majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya mbegu za waterhemp zinazoingia kinuni hufa. Zile zinazopukutika mbele, mashine inapokata, hubaki ardhini.

Kero zipo, tena si ndogo. Kinu kinakula nguvu ya injini na mafuta, kwa hiyo palipo na magugu mengi inabidi upunguze mwendo. Mashina yakiwa mabichi, makapi yenye unyevu hunata na kuziba. Sisi sehemu hizo huziacha mpaka baridi kali iyakaushe. Vyuma navyo huliwa na vumbi, lazima vikaguliwe kila mara. Bei ni makumi ya maelfu ya dola.

Faida haionekani mwaka uleule, maana udongo una akiba ya mbegu za zamani. Bado tunapiga dawa ya kuzuia kuota, tunapanda nafaka ya rai (rye) ya kufunika ardhi kabla ya soya, na mimea iliyobaki tunaing'oa kwa mkono kabla haijakomaa. Lakini sehemu zilizokuwa zikitoa magugu kama zulia nyuma ya njia ya kombaini sasa zimepungua sana, na mimi mwenyewe nazipita kila msimu.

Anayetaka kununua aulize kwanza kama injini ya kombaini yake ina nguvu ya ziada, na fundi wa karibu ana vipuri.