Kitabu cha picha cha mtoto wa chekechea: aina tano, kwa mnunuzi wa Lamu

Ingia duka la vitabu hapa Usita wa Mui, omba kitabu cha mtoto wa miaka minne, na aghalabu utaletewa kitabu cha mazoezi. Juu pana twiga anayecheka, ndani mna vitone vya kuunganisha, herufi za kufuatisha kwa penseli, na kuku anayetafutiwa yai lake kwa mstari. Hicho ni cha PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na darasani kina kazi yake. Nyumbani kikishajazwa kimekwisha. Hapa nazungumzia kitabu kingine: kile mnachokaa nacho dakani baada ya Alasiri, mtoto pajani, mkafungua ukurasa mkaanza kubishana paka kaenda wapi.

Hayo mabishano ndiyo yenye faida. Mwaka 1988 huko Marekani, Grover Whitehurst na wenzake walichukua wazazi wa watoto wadogo na kuwagawa makundi mawili. Wote waliwasomea watoto wao karibu sawasawa, ila kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "la", na kuyarefusha kidogo majibu ya mtoto. Baada ya mwezi mmoja watoto wa kundi hilo walikuwa wamewapita wenzao kwa usemi. Kwa hiyo, ukiwa dukani, jiulize kitabu hiki kitatupa la kuzungumza?

Kipimo changu ni kiganja. Funika maneno, tazama picha peke yake. Tuseme maneno yanasema mama anauza samaki, na picha ina mama, meza na samaki, basi. Sekunde tatu mmemaliza. Lakini kama chini ya meza umejitokeza mkia wa paka, na ukurasa unaofuata samaki wamepungua bila maneno kusema lolote, hicho nunua. Mtoto ataugundua ule mkia kabla yako, na kila siku atataka kukuonyesha upya. Sasa aina tano zenyewe, kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Kijitabu chembamba cha Kiswahili kilichochapwa Afrika Mashariki

Ndicho cha kwanza, na sioni cha kukikaribia. Kurasa 16 au 24, jalada laini, sentensi moja au mbili chini ya kila picha. Kwa bei ya kitabu kimoja cha kadibodi kutoka nje waweza kupata vitatu au zaidi vya aina hii. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanavyo, ila mara nyingi vimefichwa nyuma ya vitabu vya kiada, kwa hiyo usiulize "kitabu cha mtoto". Uliza "kitabu cha hadithi chenye picha". Watu wengine hutafuta kwanza idhini ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Idhini hiyo inahusu matumizi ya shule. Haikuambii kama picha zinavutia.

Tazama nakala yenyewe pia. Picha ikiwa na ukungu ukungu, au rangi nyekundu imeruka nje ya mstari, huenda ni nakala ya wizi, na kazi ya mchoraji imepotea yote. Halafu fungua katikati uangalie kilivyoshikwa. Vingi vimebanwa kwa pini mbili za chuma, na hapa kwetu chumvi ya bahari haiziachi. Kwanza huwa hudhurungi, kisha doa linatambaa kwenye karatasi, mwisho pini inakatika na ncha yake inabaki ikingoja kidole. Mimi huzitoa mapema. Chukua sindano nene na uzi wa pamba, toboa mashimo matatu kwenye mkunjo, ingiza uzi shimo la kati, pitia la juu, shuka hadi la chini, rudi katikati ufunge. Kazi ya dakika kumi, na kutu hutaisikia tena. Selotepu usiitumie: kwa joto hili inageuka manjano, gundi inatoka, kurasa zinagandana.

Kuhusu lugha, kitabu kimeandikwa Kiswahili sanifu na nyumbani mnasema Kiamu au Kibajuni. Soma kwa lahaja yenu pale ulimi unapotaka. Mtoto wa miaka minne hakukagui.

2. Hadithi za bure za kuchapa mwenyewe

Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inakuruhusu kupakua, kuchapa, hata kutafsiri bila kumlipa mtu. Zimepangwa kwa viwango vitano, kuanzia maneno machache kwa ukurasa hadi hadithi ndefu za mkubwa kumsomea mtoto. Kwa mtoto wa miaka mitatu anza viwango vya chini.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya gharama za saiba, duka la intaneti na kuchapa. Kuchapa rangi kurasa zote kunaweza kukaribia bei ya kijitabu cha dukani, na wino wa printa ukiguswa na mkono wenye maji unachuruzika. Chapa nyeusi na nyeupe, kwa karatasi nzito kidogo ikipatikana, umwachie mtoto kalamu za nta apake rangi. Ubora wa michoro pia unapishana sana, hivyo zisome zote kwenye simu kabla ya kulipa.

3. Vitabu vya mtumba kutoka Ulaya na Marekani

Hivi huletwa na wageni, au hupatikana kwenye marundo ya Mombasa na Malindi. Jalada gumu, uchapaji mzuri, michoro mingine ni ya kushangaza. Maneno ni Kiingereza, lakini kwa kipimo cha kiganja hilo halina neno: acha maandishi, simulia yako. Theluji ikitokea, mweleze. Wala usidhani mtoto wa Lamu anataka punda na mashua tu; punda anawapisha kila siku vichochoroni.

Vinuse kabla ya kununua. Harufu ya koga haitoki, na koga huhamia vitabu vingine. Pindua uone mgongo pia, kwani mende hupenda gundi ya hapo.

4. Vitabu vya kadibodi

Kwa anayetafuna kila kitu, yaani chini ya miaka miwili, ni sawa. Kwa wa chekechea ni hasara. Hadithi ni fupi mno na bei ni kubwa, maana pamoja na kodi ya VAT ya asilimia 16 iliyowekewa vitabu na sheria ya 2013, unalipia na uzito wake. Mvua za masika zikiingia, kadibodi hunyonya unyevu, hufura na kuachana tabaka tabaka.

5. Vitabu vya vitufe na sauti

Achana navyo. Mtoto anabonyeza ng'ombe, ng'ombe analia, basi, mzazi huna kazi. Chumvi ikiingia kwenye betri kinakufa, au kinakwama kwenye ule wimbo mmoja mpaka jirani akubishie hodi.

Ukishanunua, vitabu visiegemee ukuta wa matumbawe, hasa upande unaotoa chumvi. Viweke kwenye kikapu kinachopitisha hewa, mahali mtoto anafikia mwenyewe, na usivianike juani, rangi huondoka.

Na wakati wa kununua usiwe Januari. Maduka yanakuwa yamejaa vitabu vya shule na mwenye duka hana nafasi wala subira. Mwezi wowote mwingine, mwandikie jina la kitabu na la mchapishaji umwachie. Mzigo wake ukitoka Mombasa hadi Mokowe na kuvuka kwa boti, vijitabu vitatu vyembamba havimwongezei nauli, na wengi hukubali ukilipa nusu mbele.